Coaster ya Shangazi na Mafundi wa Gundi

Shangazi yangu wa Temeke alipoinunua Coaster iliyostaafu udaladala ili aigeuze mgahawa wa supu na chapati, sote tulidhani injini ndiyo ingetutoa jasho. Injini haikumsumbua mtu. Shughuli ilikuwa kwenye madirisha. Alitaka yale ya upande mmoja yazibwe kwa shiti za alumini, ndani apate ukuta wa kufungia rafu, nje apate mahali pa kuandika bei. Sasa alumini huwezi kuichomelea kwenye bodi ya chuma kwa mashine hizi za mtaani. Metali hizo mbili hazielewani motoni. Riveti nazo akazikataa. "Kila riveti ni tundu, na hakuna tundu ambalo mvua ya masika hailijui." Paa la nyumba yake ni la bati, kwa hiyo alikuwa anasema analolijua. Ikabaki gundi.

Mimi nilipeleka elimu. Nikamweleza kwamba gundi ya metali si jambo la jana: mwaka 1941, huko Duxford, Uingereza, kampuni ya Norman de Bruyne ilitengeneza gundi iitwayo Redux, na ndege zikaungwa kwayo zikaruka. Shangazi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi mwite huyo Mzungu aje apake."

Kwa kuwa Mzungu hakupatikana, alikuja fundi wa madirisha ya nyumba na silikoni yake, ile inayonuka siki. Harufu ile ina maana. Silikoni ya aina hiyo ikikauka hutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo inayoipa siki ukali wake, na asidi juu ya chuma kitupu ni kuialika kutu. Shangazi alidhani kuna mtu amemwaga achari. Hata hivyo shiti ilishika, tukapongezana, mpaka alipokuja mpaka rangi. Kila alipopitisha brashi pembeni mwa shiti, rangi ilijikusanya matonematone kama maji juu ya jani la mgomba. Mpaka rangi akamlaumu muuza rangi, muuza rangi akalaumu tina, na wote watatu, pamoja na fundi wa madirisha, wakamlaumu shangazi kwa haraka zake. Ukweli ni kwamba rangi haikai juu ya silikoni ya kawaida, na ukishaibandua, utando wake unabaki kwenye metali ukingoja kukataa gundi yoyote itakayofuata. Silikoni ni mpangaji anayehama na ufunguo.

Kijana mmoja wa jirani akaona tunachelewa, akaja na supa gluu. Gundi hii ina historia ya ukorofi: Harry Coover alikutana na kemikali zake mwaka 1942, alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, akaiacha kwa sababu ilinasa kila kilichoigusa. Huganda ikikutana na unyevu kidogo tu, na Dar es Salaam unyevu tunao wa kugawa. Kijana aliganda vidole viwili kwenye bodi ya Coaster akiwa ameinua mkono, na kwa muda alionekana kama abiria aliyeng'ang'ania daladala ambalo halina mpango wa kuondoka. Aliyemwokoa ni dada wa saluni, kwa asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Shiti yenyewe ilidondoka kabla ya vidole.

Ndipo akaja bwana wa epoksi, mwenye makopo mawili na dharau nyingi. Epoksi si gundi mbaya, tusiionee. Lotus Elise, gari la Waingereza la mwaka 1996, chasisi yake ni vipande vya alumini vilivyogandishwa kwa epoksi. Lakini pale ni alumini kwa alumini, kiwandani, kwa vipimo. Bwana wetu alipima kwa jicho. Tena, kwa kuwa shangazi alikuwa anamsimamia, alichanganya kopo zima kwa mkupuo, na epoksi nyingi ikikaa pamoja hujipasha moto yenyewe. Kopo likaanza kufuka moshi. Shangazi akauliza kama hiyo ni sehemu ya kazi. "Ndiyo, mama," akajibu, huku akirudi nyuma.

Ile iliyowahi kupakwa ilikauka ngumu kama alivyoahidi, na ugumu wenyewe ndio uliotuponza. Shiti ya alumini yenye urefu wa mita 2, joto lake juani likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, hurefuka karibu milimita 2. Chuma kilicho chini yake hurefuka karibu milimita 1. Gundi isiyonyumbuka ikiwekwa katikati ya ndugu hao wawili, mmoja wao lazima aondoke. Aliondoka mchana, kwa mlio wa "ta!" uliomfanya mlinzi wa jirani alale chini.

Aliyetuokoa alikuwa fundi wa vioo vya magari kutoka Gerezani, mzee mpole anayegandisha vioo vya mbele kwa poliurethani. Alimwamkia shangazi, akapitisha kidole kwenye bodi, akakinusa.

"Mmesafisha na nini?"

"Petroli," akajibu kijana wa supa gluu kwa fahari.

Mzee akatikisa kichwa. Petroli huacha mafuta nyuma. Akakwangua silikoni yote, akapiga msasa hadi kutu ikaisha, akafuta kwa spiriti na kitambaa kipya, akapaka praima. Nguvu ya gundi hakuitaja hata mara moja. Mirija ya gundi aliibonyeza kwa kidole gumba mmoja mmoja, na miwili akairudisha dukani: ilikuwa imeanza kugandia ndani, na tarehe yake ilikuwa imefutwa kwa ustadi kuliko kazi yote tuliyofanyiwa hadi hapo. Akaichora gundi kwa mistari ya wima, yenye nafasi kati yake, ili hewa ipite na maji yasituame. Vijana walipokimbilia kuibana shiti kwa mabega, akawafukuza: gundi hiyo inataka unene wa milimita 2 au 3 ili ivutike, na ukiikamua yote nje umebaki na metali mbili zinazotazamana.

Mwishoni akaomba riveti chache za kwenye ncha. Gundi hustahimili kuvutwa kwa ubapa, lakini ikianza kubanduliwa kutoka pembeni haina ubishi. Hata ile Lotus ina skrubu kwa sababu hiyo. Shangazi akakubali, kwa sharti kwamba kila tundu lizibwe mbele ya macho yake.

Poliurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, ikianzia nje kuingia ndani, milimita 3 hivi kwa siku. Shangazi ameshaanza kuuza supu. Ukifika, karibu sana, ila shiti ya nyuma usiiegemee kabla ya Jumatatu.