Jinsi ya Kumhamisha Mpangaji Asiyelipa Kodi

Masika yakiingia Mji Mkongwe, Zanzibar, nyumba ya kupanga hupata mpangaji wa pili. Haletwi na dalali, hatoi kodi ya miezi sita, na kanzu yako ya Idi huivaa kabla yako. Ni unyevu. Utamjua kwa uvundo wa kabatini, viatu vilivyoota ukungu, na chumvi iliyogeuka maji mezani.

Kwanza mhoji alikotoka. Chukua kipande cha nailoni cha ukubwa wa sahani, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani. Yakitokea mbele, yamo hewani. Kabla ya hapo usinunue hata kopo moja la rangi.

Akiwa ukutani, jua amejengewa makao. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini kisha huyatoa taratibu. Fundi akija kuukandika lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, chumvi huchanua, na lipu hubanduka kama ganda la mkate wa kumimina. Inaniuma kuona chokaa ikibanduliwa kwa jina la ukarabati, maana ndiyo iliyokuwa dawa.

Kazi ya ukuta ni ya mwenye nyumba. Piga picha zenye tarehe, nenda asubuhi, salimia vizuri: “Shikamoo mzee, nimekuja kwa ajili ya ukuta wako.” Ukuta *wako*. Ukisema “shida yangu,” utarudi nayo.

Akiwa hewani, kazi ni yako. Fungua madirisha ya pande mbili mchana jua likiwa kali, kwani alfajiri na usiku hewa ya pwani huwa imeloa zaidi. Kiyoyozi kikiwaka, funga. Nguo zianikwe nje. Ikishindikana, basi chumba kimoja chenye feni na dirisha wazi. Kabati lisogee kiganja kizima kutoka ukutani.

Udi ufukize, naupenda mno, ila unafunika harufu tu na haukaushi kitu. Ukungu wa kwenye vigae uoshe kwa jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya chooni, kwani hewa yake hudhuru mapafu. Wa kwenye lipu utarudi mpaka chanzo cha maji kizibwe.

Kitanda cha mtoto, hasa mwenye pumu, kiondoe kwenye ukuta wenye unyevu leo hii. Jibu la mwenye nyumba litakukuta umeshakihamisha.