Bwana Meya, Tunaomba Karatasi Moja Yenye Muhuri

Kwa: Bwana Meya wa Mji wa Uvira
Nakala kwa taarifa: Daktari Mkuu wa Zoni ya Afya ya Uvira, mashefu wa kata zote, toka Kavimvira hadi Kalundu
Yahusu: Shukrani

Bwana Meya,

Sikutaji jina, na si kwa kukosa adabu. Uvira siku hizi kiti kinazunguka kuliko feni. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, ofisi za jimbo zilihamia kwetu. Desemba mwaka huohuo M23 wakaingia hapa hapa, mwezi uliofuata wakatoka. Basi barua hii ni ya yeyote atakayeikuta mezani.

Nimekuja kushukuru. Huu ni mji ambao kipindupindu ni mwenyeji kuliko sisi, mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu Aprili 2020, na ziwa Tanganyika lenyewe limeshapanda hadi kwenye vyumba vya kulala. Pamoja na hayo yote, wakubwa wetu bado hupata nafasi ya kuchunguza nani kafunga kikwembe na nani kasuka nywele. Bidii ya namna hiyo haiokotwi njiani. Serikali yetu ilihesabu raia mara ya mwisho mwaka 1984, kwa hiyo haijui tuko wangapi, lakini kilichomo ndani ya suruali ya kila mmoja inakijua bila shaka yoyote.

Nazungumzia transjenda: aliyeandikwa mvulana siku ya kuzaliwa naye anaishi kama mwanamke, au aliyeandikwa msichana naye anaishi kama mwanamume. Wapo Uvira. Wanaanika ndagala, wanasuka, wanaimba kwaya, wanalipa ushuru wa soko, na mbu wa kata ya Kilibula anawauma bila kuwaomba kadi.

Kadi ndiyo inayowaponza. Fikiria asubuhi ya kawaida kwenye kituo cha afya, nisichokitaja. Dirisha la mapokezi, daftari la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi isiibwe. Mgonjwa amevaa kikwembe na kilemba, homa imempanda, anatoa kadi ya uchaguzi, kwa kuwa kitambulisho kingine hatuna. Karani anasoma, anamtazama, anasoma tena, halafu anaita kwa sauti ya kufika barabarani: "Jean-Pierre!" Benchi zima linageuka. Mama mmoja anamvuta mtoto wake karibu. Kutoka chumba cha sindano anatokea mwingine, hana kazi pale, amekuja kuona tu. Mgonjwa anachukua kadi yake, anatoka, na homa yake anatoka nayo. Jioni yuko kwenye duka la dawa la mtaani, anauziwa vidonge vinne vilivyokatwa kwa mkasi, havina jina wala tarehe. Na kama alikuja kwa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, hatarudi mwezi ujao.

Kwa upande wa bajeti, pongezi. Hakuna glovu hata moja iliyotumika.

Utaniambia kuna sheria. Ipi? Nchi hii haina kifungu kinachosema mtu huyo ni mhalifu kwa jinsi alivyo. Kuna kifungu cha 176 cha Kodi ya Adhabu, yaani sheria ya jinai, cha kuvunja maadili hadharani, ambacho unaweza kukivuta hadi kimfae yeyote usiyempenda. Nayo Kodi hiyo ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, iliyoandikwa na Wabelgiji kwa ajili ya kututawala. Wabunge wamejaribu kuongeza. Mwaka 2013 Steve Mbikayi alileta mswada dhidi ya mashoga, kapu ambalo transjenda hutiwa bila kuulizwa, lakini haukupita. Mwaka 2024 Constant Mutamba akaleta wake. Baadaye akawa Waziri wa Sheria, na Septemba 2025 akahukumiwa miaka 3 ya kazi za lazima kwa kufuja fedha za umma, dola milioni 19, zilizokuwa za kujenga jela kule Kisangani. Aliyetaka watu wafungwe hakutuachia hata jela. Mimi sicheki.

Kilichopo kweli ni Katiba ya 2006. Kifungu cha 12 kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Cha 47 kinahakikisha haki ya afya, na nimekisoma mara kadhaa nikitafuta mahali kinapotaka kilemba kivuliwe kwanza.

Halafu kuna lile neno letu tulipendalo: haya ni mambo ya wazungu. Nilikuwa naelekea kukubali. Lakini tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump alisaini amri kwamba Marekani inatambua jinsia mbili tu, na siku hiyohiyo akasaini nyingine ya kusimamisha misaada ya nje. Februari, vidonge vya kinga dhidi ya VVU vinavyolipiwa na Marekani vikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Sasa nimepotea, Bwana Meya. Kama kuwa transjenda ni kwa wazungu, na kuwafukuza transjenda nako ni kwa wazungu, na Kodi tunayowatishia nayo ni ya wazungu, sisi watu wa Tanganyika letu ni lipi?

Letu, nadhani, ni majina. Wazee wanakumbuka 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na nchi nzima ikamfuata. Etasivili, ofisi ya kuandikisha raia, ilipata wino, ilipata vitabu, ilipata makarani. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Ulaya alitishiwa jela. Jua likaendelea kutokea upande wa Burundi na kuzama nyuma ya milima yetu. Serikali iliyoweza kulibadili jina taifa zima kwa agizo leo inatetemeka mbele ya mtu mmoja anayeomba aitwe Bahati. Na Bahati, kama Amani, ni jina lisilo na suruali wala sketi.

Majirani sitawasema sana. Burundi iliweka kosa la mapenzi ya jinsia moja kwenye sheria mwaka 2009, na maelfu yetu waliokimbilia huko Desemba 2025 walivuka mpaka wa Kavimvira na watu wa aina zote ndani yao. Tanzania, Februari 2017, ilisimamisha vituo 40 vya huduma za UKIMWI. Nairobi, Oktoba 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, transjenda wa Kenya, cheti chenye jina lake jipya, na alama ya jinsia iondolewe. Herufi moja ilifutwa, na alama zake za mtihani zikabaki zilezile.

Basi tunachoomba. Fedha hatuombi, tunajua hakuna. Kubadili majina ni kazi ya Mahakama ya Amani, hatukutumi huko. Tunaomba agizo la ukurasa mmoja, mkisaidiana na Daktari Mkuu wa Zoni: mgonjwa aitwe kwa namba, au kwa jina la ukoo ambalo kila kadi ya Mkongomani inalo, anayehudumu aulize kuhusu mwili pale tu ugonjwa unapohusika, na kwenye baria zenu za barabarani, ile M au F ya kwenye kadi ikome kuwa na bei.

Saini, gonga muhuri, kisha karatasi ibandikwe kwanza kwenye dirisha la mapokezi. Malaria ya huyo aliyeondoka haijapona, na aliokaa nao benchi moja wanaumwa na mbu walewale.

Mkazi wa Uvira