Mimi Si Mshenga wa Samaki

Hapa Kitale ukichimba kidimbwi nyuma ya nyumba, usidhani majirani watakuja kununua samaki. Wanakuja na kesi. Na kesi yenyewe siku zote ni ileile: "Mzee, hebu njoo uangalie, hawa wawili wameoana?"

Nimechoka. Sina cheti cha kufungisha ndoa, iwe ya watu au ya kambare. Lakini jirani yangu ana tangi la kioo sebuleni, pale wenzake wanapoweka televisheni, na samaki wawili wakionekana ubavu kwa ubavu tu, naitwa nikiwa bado na tonge mkononi. "Ona wanavyofuatana!" Namwangalia yule wa nyuma, nauangalia mkia wa yule wa mbele ulivyonyofolewa, kisha nasema: "Mama, huyu hafuatwi. Huyu anakimbizwa."

Ananuna. Alishawapa majina.

Lakini afadhali jirani. Mtihani wangu hasa ni shemeji yangu wa Bungoma, aliyemwoa dada yangu. Kidimbwi chake ni matunda ya ule mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza 2009, uliolenga maeneo bunge 140, kila moja lipate vidimbwi 200 vya mita 300 za mraba. Vya jirani zake siku hizi vinaota nduma. Chake bado kina maji, ndiyo maana mimi silali.

Juzi kuna mtu alimuuzia kambare wawili, akaapa kwamba ni jozi iliyokwisha kuzoeana. Bei ya jozi ilizidi ya kambare wawili wa kawaida. Hiyo nyongeza, nadhani, ilikuwa mahari. Tangu siku hiyo simu haikutulia. "Mulembe, shemeji! Wamelala pamoja kwenye tope tangu jana. Sasa mayai ni lini?"

Nikapanda matatu. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, magoti yakiwa kidevuni, hadi Bungoma, kwenda kukagua unyumba wa samaki.

Kambare ukimfunika kichwa kwa gunia bichi hutulia. Ukimgeuza tumbo juu, nyuma kidogo tu ya njia ya haja utakuta kijinyama. Kwa dume kimerefuka na kuchongoka kuelekea mkiani. Kwa jike ni kifupi, cha mviringo. Tukamgeuza wa kwanza: kimechongoka. Tukamgeuza wa pili: kimechongoka. Shemeji akakuna kichwa, akazunguka kidimbwi mzunguko mzima, akarudi kuniuliza kama mmoja wao hawezi kubadilika akipewa muda.

Nikamweleza kwamba hata wangekuwa dume na jike, kambare hana habari na ndoa. Huko mtoni hungoja mvua kubwa, maji yafurike hadi kwenye nyasi, wakutane usiku, mayai yashike kwenye majani, kisha kila mmoja ashike njia yake. Hakuna anayebaki kulea. Kidimbwini hakuna mafuriko, kwa hiyo jike hukaa na mayai yake tumboni. Ndiyo sababu wenye vituo vya kuzalisha vifaranga humchoma jike sindano ya homoni, wakasubiri, kisha wakamkamua mayai. Kwenye maji ya nyuzijoto 25 husubiri kama saa 12. Kwenye baridi yetu ya Kitale, mita 1,900 hivi juu ya bahari, utasubiri hadi uchoke. Dume naye hakamuliki. Hupasuliwa, mbegu zikatolewa. Yaani siku ya harusi yake ndiyo siku ya matanga yake.

"Basi nitaweka tilapia," shemeji akasema. "Hao wana heshima."

Heshima gani? Dume la tilapia huchimba kisahani chake chini ya kidimbwi, akakilinda kwa vita, akangoja wageni. Jike huja, hutaga, huyakusanya mayai mdomoni na kuondoka nayo. Kwa kama wiki mbili hali chochote cha maana. Utamjua kwa kidevu kilichojaa. Dume habanduki kisahanini. Anamngoja mwingine.

Dada yangu, aliyekuwa kando akichambua mrenda, hakuinua hata kichwa. "Huyo dume," akasema, "namjua."

Samaki wanaooana kweli wapo. Miongoni mwao ni wale wanaoitwa vichwa vya nyoka, walioko bonde la Kongo na Asia, wanaopanda juu kuvuta hewa kama kamongo wetu. Wengi wao, mume na mke hulinda mayai na watoto pamoja. Kwa macho, dume na jike ni vigumu kuwatofautisha, kwa hiyo wafugaji wa matangini hununua kundi la wadogo, wakawalea pamoja, wakaacha wachaguane wenyewe. Ukiwalazimisha wawili wasiojuana, asubuhi unaweza kukuta mjane.

Na dalili ya kwamba wameoana usiitafute kwa wale wawili. Itafute kwa waliobaki. Siku utakayokuta wengine wote wamebanwa kona moja, mapezi yamechanika, na wawili wamejitwalia tangi zima bila kuumana, hapo pana ndoa. Watoe hao wengine siku hiyohiyo kabla hujazika. Kulala pamoja si hoja. Hata abiria wa matatu ya Webuye hulaliana mabegani, na hakuna anayewauliza mayai.

Nilipomwambia jirani hayo, alikwenda akamtazama yule mwenye mkia ulionyofolewa, akarudi kuniuliza kama siwezi kuwapatanisha.

Kwa hiyo natangaza. Kuanzia mwezi huu ushauri wangu una ada: kambare mmoja, kilo moja kwenda juu, ametolewa matumbo. Kama aliacha mchumba, msiniletee kesi.