Jogoo Wangu na Waandishi wa Asia

Jogoo aliyetolewa kuwa zawadi ya mashindano alikuwa wangu mwenyewe, nami nilimtoa kwa moyo mkunjufu, maana sikuwa na shaka hata chembe kwamba baada ya siku thelathini angerudi bandani kwangu na heshima kubwa kuliko aliyotoka nayo.

Sisi ni wasomaji wanane, aghalabu walimu wastaafu, tukutanao kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa mjini Kakamega, sebuleni kwa mwenyekiti wetu, mama mmoja ambaye chai yake imetuunganisha kuliko vitabu. Kila mwezi mmoja wetu huweka sharti la usomaji. Zamu yangu ilipowadia, nami nikitamani kudhaniwa kuwa mtu aliyezunguka dunia, ilhali mbali kabisa nilikowahi kufika ni Mombasa, nilisimama, nikakohoa, nikatangaza kwamba mwezi huo tusome waandishi wa Asia, na atakayesoma vitabu vingi kuwapita wenzake amchukue jogoo. Watu wakapiga makofi. Hapana aliyeuliza mwandishi wa Asia ni nani, wala mimi mwenye sharti halikunipitikia.

Jumatatu nilishuka mjini kwa kijana mmoja auzaye vitabu vya mtumba juu ya turubai karibu na steji ya matatu. Mvua ya Kakamega haihitaji saa ya mkononi. Adhuhuri ikishapita, hushuka kutoka upande wa msitu kama mtu aliyeahidiana nasi, na siku hiyo ilinikuta nimechutama katikati ya bidhaa, kijana akivuta nailoni kufunika mali yake nami nikiwa ndani yake. Katika kiza kile nilipapasa nikapata kitabu chenye picha ya mkulima wa Kichina jalada zima, nikalipa pasipo kubishana, nikarudi nyumbani nimelowa lakini nimeshinda. Nilikisoma kwa siku nne, na mahali pawili nilitokwa na machozi. Siku ya tano, nilipofika kwenye maelezo mafupi ya mwisho, nikafahamishwa kwamba Pearl Buck, aliyekiandika, alizaliwa West Virginia, Marekani, mwaka 1892, na kwamba alikulia Uchina kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamisionari. Machozi yangu yote, kumbe, yalikuwa ya Marekani.

Kijana hakukubali kurejesha fedha, ila alikubali kubadilishana, akanipa kitabu cha V. S. Naipaul, jina ambalo kwa masikio yangu lilikuwa la Kihindi lisilo na mjadala. Safari hii nikawa mwerevu, nikaanza na maelezo ya mwandishi kabla ya kulipa nauli ya kurudi. Alizaliwa Trinidad mwaka 1932. Niliitafuta Trinidad katika ramani ya mjukuu wangu, nikaikuta imejibanza ubavuni mwa Venezuela, mbali na Asia kuliko Kakamega yenyewe.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sharti langu lilikuwa kama banda lenye milango miwili: ukiufunga huu, yule uliyemfukuza hupita kwa ule. Nikisema nasaba ndiyo hukumu, Naipaul ameingia. Nikisema mahali pa kuzaliwa ndiyo hukumu, Naipaul ametoka, lakini hima anaingia Rudyard Kipling, aliyezaliwa Bombay mwaka 1865, na nyuma yake anaingia George Orwell, aliyezaliwa Motihari, huko huko India, mwaka 1903. Nakiri kwamba habari hii ya Orwell ilinifurahisha kupita kiasi cha adabu, kwa sababu Shamba la Wanyama, kwa Kiswahili cha Fortunatus Kawegere cha mwaka 1967, lilikuwa kabatini mwangu, na ni kitabu nilichokuwa nimekwisha kukifundisha mpaka nikachoka na nguruwe. Nikaongeza na Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki wa mwaka 1954, ambaye kitabu chake nilichokipata, la haula, kilikuwa cha mtumishi mkuu katika jumba la bwana wa Kiingereza, wala hamna Mjapani ndani yake.

Mke wangu, aliyekuwa akichambua mboga, akauliza, "Na Abunuwasi je? Si mtu wa Baghdad?"

Nusura nimkumbatie. Lakini Abunuwasi hakuziandika hekaya za Abunuwasi; yeye alitendeshwa tu humo. Nikarudi kwenye kiti changu.

Nikiwa nimebaki na wiki moja, nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye duka la jumla, ambaye babu yake alifika hapa zama za dhahabu, miaka ile ya 1930 ambapo wageni waliichimba Kakamega kama fuko. Nilimkuta akijadiliana bei ya sukari na mama mmoja kwa Kiluhya ambacho watoto wangu wa kuwazaa hawakiwezi.

"Mulembe, Mwalimu," akanisalimu.

Nikamjibu, kisha, kwa taadhima yote niliyojaliwa, nikamwuliza, "Mzee, huko kwenu waandishi wazuri ni akina nani?"

"Kwetu wapi?" akauliza. "Lurambi?"

Mama wa sukari alicheka hata akaegemea kaunta. Mzee hakucheka. Alinikumbusha kwamba mwezi wa Julai mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii, kwamba India yeye ameiona katika sinema peke yake, na kwamba kama ni habari za ugeni, ni mimi niliyehamia mjini nikimkuta. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akarudi na The Gunny Sack cha M. G. Vassanji, cha mwaka 1989. "Huyu alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam," akasema. "Tuzo aliyopewa kwa kitabu hiki ilikuwa ya kanda ya Afrika. Lakini wewe kimpeleke Asia ukipenda."

Ndicho kitabu nilichokipenda kuliko vyote vya mwezi ule, nami nilikimaliza nikijua fika kwamba hakingenisaidia kumwokoa kuku.

Jumamosi ikafika. Baada ya ubishi uliopoza chai, mwenyekiti alikata shauri: aliyezaliwa Asia ni wa Asia, yamekwisha. Kwa hukumu hiyo nikasalia na vitabu vitatu, viwili kati yake vya Waingereza. Nilikuwa bado naongoza, hata jirani yangu, mzee wa kanisa, mtu asiyesema mpaka aombwe, alipoweka Biblia mezani akatamka kwa upole kwamba yeye amesoma vitabu 66, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, kila siku kuanzia saa tisa za usiku.

Nilisimama kwa ghadhabu. Nikahoji kwamba Musa alizaliwa Misri, na Misri ni Afrika, kwa hiyo vitabu vyake vitano viondolewe. Vikaondolewa. Nikahoji kwamba mwandishi wa Waebrania hajulikani. Kikaondolewa. Mwenyekiti akaandika: mzee 60, Mwalimu 3.

"Mwalimu," mzee akaniambia tukivaa makoti, "Paulo naye alitaka kwenda kuhubiri Asia, Roho akamkataza. Wewe hukukatazwa?"

Jogoo sasa huwikia upande wa pili wa ua, saa tisa kamili. Mwezi huu zamu ya sharti ni ya mwenyekiti, naye amechagua waandishi wa Afrika. Jana jioni mzee alimtuma mjukuu wake kuja kuniuliza mambo mawili: kama bado nashikilia kwamba Musa alizaliwa Misri, na kama ninaye jogoo mwingine.