Mbili Kati ya Hamsini na Mbili

Mama mkubwa alirudi Ikungi kutoka kliniki ya presha, akafungua pindo la kanga, akampa mjukuu daftari. "Haya mume wangu, nisomee daktari kasemaje." Mtoto wa darasa la tano akakodolea macho RTC 2/52, akatikisa kichwa kwa huruma: "Bibi, umefeli. Mbili kati ya hamsini na mbili."

Kumbe ni "rudi baada ya wiki mbili". Mwaka una wiki 52, ndiyo hesabu yenyewe. Sasa mkulima wa alizeti angejuaje?

Daktari ana foleni ndefu, simlaumu sana. Na mdomoni alikuwa na Kiswahili kitamu: pole mama, punguza chumvi. Kalamu ndiyo iliyohamia Roma. BD, mara mbili kwa siku. TDS, mara tatu. Kilatini hicho, ambacho Warumi wenyewe walishakiacha barabarani. Mahakama zetu sheria ilizihamishia kwenye Kiswahili mwaka 2021, kwa hiyo mwizi wa kuku wa Singida anaelewa kahukumiwa nini. Mgonjwa akate rufaa wapi?

Bahasha ya dawa ya kichwa iliandikwa 1x3. Mjukuu, hodari wa hisabati, akatamka: "Moja mara tatu ni tatu." Bibi akamimina vidonge vitatu kiganjani, akaomba maji. Nikamdaka mkono: ni kimoja, mara tatu kwa siku.

"Na huu mchirizi wa chini je?" akauliza, akinionyesha daftari.

Nikaligeuza daftari juu chini, kisha ubavu. Ilikuwa sahihi.