Elfu Ishirini za Hajji

Mtoto wa mjomba wangu anaishi Texas, na huko amejipatia burudani ambayo hapa Namakwekwe, Mbale, ingemfikisha polisi kabla ya chai ya saa nne: anatengeneza risasi zake mwenyewe. Huokota maganda matupu, akayasafisha, akapachika fataki mpya kitakoni, akapima baruti kwenye mizani, kisha akakandamiza kichwa cha risasi kwenye mdomo wa ganda. Kule watu hufanya kazi hiyo gerejini, pembeni ya mashine ya kufulia, na hakuna anayeshtuka. Kwetu Uganda ipo Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, nayo haina utani na fundi wa namna hiyo.

Jioni moja kijana alikwama, na kwa kuwa amelelewa vizuri, akampigia baba yake. Hajji, mjomba wangu, ni sajini mstaafu. Sikio lake la kulia alilisalimisha jeshini, kwa hiyo simu zote huzipokea kwa spika, barazani, sauti ikiwa imepandishwa hadi mwisho.

"Asalaam aleikum, Mzee. Nataka ushauri kuhusu urefu wa risasi."

"Risasi!" Hajji akaitikia kwa furaha. Nyua tatu za jirani zikanyamaza kwa pamoja.

Bunduki ya kijana ni ya .30-06. Kitabu kinasema risasi nzima, kutoka kitako hadi ncha, isizidi milimita 84.84. Lakini alikuwa amenunua vichwa vya aina mpya, virefu na vyembamba, na hakujua avizamishe kiasi gani.

"Mwanangu," Hajji akasema, "sisi risasi zilitoka sandukuni. Ya AK ina milimita 56, basi. Hatukuwa na muda wa kuijadili."

Ikabidi mtoto amfundishe baba. Mbele ya chemba, alisema, mtutu una mifereji inayokizungusha kichwa cha risasi. Kichwa kikichomoza mno, kinaegemea mifereji hiyo hata kabla hujafyatua. Baruti ikiwaka, kinakuwa kizito kuanza safari, na shinikizo linapanda ghafla hadi pale ambapo bunduki inaweza kupasuka usoni pako. Tena ukighairi kupiga na kuivuta risasi nje, kichwa kinaweza kubaki kimenasa mtutuni, wewe ukatoka na ganda linalomwaga baruti kila mahali.

"Basi kizamishe kabisa, tumalize," Hajji akaamua.

Haiwezekani, kijana akajibu. Ukikizamisha mno unaipunja baruti nafasi yake ndani ya ganda, na shinikizo linapanda vilevile. Na magazini nayo ina masharti yake: risasi ndefu kupita kiasi haiingii hata kwa dua.

Hajji akatikisa kichwa. "Mbele hatari, nyuma hatari. Hiyo si risasi, hiyo ni ndoa."

Njia ya salama, kijana akaendelea, ni kutengeneza risasi bandia isiyo na fataki wala baruti, kuitia chemba, kuona kichwa kinagusa wapi, kupima kwa kalipa, halafu kurudi nyuma kidogo. "Mimi narudi elfu ishirini za inchi, Mzee." Alikuwa na maana ya sehemu 20 katika 1,000 za inchi, kama nusu milimita hivi. Lakini mtandao ulimeza "za inchi", na kilichofika barazani ni elfu ishirini peke yake.

"Elfu ishirini!" Hajji akanguruma. "Za Uganda au dola?"

Hapo ndipo muuza malewa wa jirani alipojitwisha kapu lake na kuondoka bila kuaga. Simlaumu. Karamoja si mbali na Mbale, na kampeni ya kukusanya bunduki kule ilianza 2001, kwa hiyo mtu wa huku akisikia risasi, baruti na elfu ishirini katika baraza moja, hangoji maelezo.

Dakika chache baadaye mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa mtaa wetu, akaingia na vijana wawili na daftari. "Hajji, nimesikia kuna bei."

Nilianza kueleza, lakini simu ilikuwa bado hewani, na kijana wa Texas akampa mwenyekiti salamu na somo zima upya. Aliongeza kwamba kila umbo la kichwa lina urefu wake wa kugusa, na kwamba ukibadili urefu unaanza upya na baruti kidogo, kisha unapanda taratibu. Mwenyekiti alikuwa ameacha kuandika.

"Kwa hiyo kitabu kinatoa kikomo, lakini mwenye neno la mwisho ni bunduki yenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Mwenyekiti akakaa. Kumbe mwezi uliopita fundi mmoja alimtengenezea mlango wa chuma kwa vipimo vya kichwani, bila kwenda kuutazama ukuta. Mlango ulipogoma, fundi alisema maneno ambayo yamejenga nusu ya mtaa wetu: "Itaingia tu." Uliingia, ndiyo, baada ya tofali nane kutoka. Namakwekwe kuna kitanda kinacholala barazani kwa sababu hiyo hiyo, na kabati lililoingia chumbani bila miguu. Sisi tunaishi kwa itaingia tu kwa sababu ukuta ni mpole, unavumilia nyundo. Chemba haivumilii. Yule kijana anahangaikia nusu milimita kwa kuwa akikosea, kitakachobomoka si tofali.

Mwenyekiti akafungua daftari, akaandika: "Hakuna silaha. Kuna kalipa, nayo iko Marekani." Akaomba kijana atume moja kwa yule fundi. Tukaagana kwa amani, wale vijana wawili wakapewa chai.

Hajji alisubiri wageni wavuke njia, akaisogeza simu kwenye sikio lililo zima.

"Haya, mwanangu. Hizo elfu ishirini utazituma lini?"