Meli Niliyotorokea

Mwaka 1985 mwanaisimu wa Marekani, Marc Okrand, alitoa kamusi ya Kiklingoni, lugha ya wababe wa vita wa filamu za Star Trek, na sentensi zao akazipindua: mtendwa mbele, kitenzi katikati, mtendaji mkiani. «Puq legh yaS» ukiisoma kwa mazoea yetu, mtoto amemwona afisa. Kumbe afisa ndiye aliyemwona mtoto. Haya, tutazoea.

Kasheshe ni meli. Meli uliyoiona, unaisema. Meli iliyokuona, nayo unaisema. Lakini «meli niliyotorokea imeungua»? Hola! Wapenzi wa lugha hiyo wameikunia vichwa miaka nenda rudi. Mwisho wake unaivunja vipande: nilitoroka kwa meli, meli hiyo imeungua. Watu wanaoruka kati ya nyota na nyota! (Watajitetea kwamba shujaa hatoroki.)

Huku kwetu, muuza samaki wa soko la Feri, ambaye neno «kirejeshi» hajawahi kulisikia, atakuonyesha «ngalawa niliyovulia jana» huku anapara changu, wala kisu hakisimami.

Bwana Okrand, karibu Feri. Darasa ni bure, ila samaki utanunua.